Barabara ya Kitanda

Juzi walinijia hapa Chanzuru vijana wawili kutoka ofisi ya ardhi, viatu vinang'aa, kila mmoja na kishikwambi chake. Wakaniamkia vizuri, nikaitika marahaba, nikawapa viti na machungwa. Mmoja akafungua ramani ya Kimamba kwenye kioo, akaivuta kwa vidole mpaka kikatokea kitongoji cha Stoo, akaniuliza kwa adabu kama jina la barabara ile lilikuwa sahihi au kuna mtu alifanya mzaha. Barabara ya Kitanda. Walitaka kubadilisha kabla kibao hakijachongwa, waweke jina lenye heshima kidogo.

Nikawaambia wakiligusa jina lile nitawafuata mpaka ofisini kwao na mkongojo wangu. Kisha nikawasimulia. Na ninyi wengine mnaoanza kazi hii ya kupanga mitaa pamoja na wenye mitaa, vuteni viti, maana sina nguvu ya kusimulia mara mbili.

Mimi nilikuwa afisa maendeleo ya jamii. Wapimaji walikuja na mashine zao za miguu mitatu, wachoraji wakaja na ramani, mimi nikaja na kamba ya katani begani. Kazi yangu ilikuwa kukaa na wananchi hadi wakubaliane wenyewe barabara ipite wapi, dampo liwe wapi, na nani asogeze choo chake. Hilo la choo ndilo gumu kuliko yote. Kamba ile ikanipa jina. Kuanzia Kimamba hadi Mikumi waliniita Mama Kamba, hata kanisani, hata siku ya harusi ya binti yangu mshereheshaji alinitangaza hivyo hivyo mbele ya wakwe.

Ramani yangu ya kwanza ililiwa. Ilikuwa Mikumi, mimi bado mgeni kazini, kichwa kimejaa mambo ya chuo. Chuoni walitufundisha kwamba wananchi wachore mtaa wao chini, kwenye vumbi, kwa vitu vilivyopo. Basi tukachora barabara kwa majivu, nyumba tukaweka punje za mahindi, maduka tukaweka maharage. Ramani ikapendeza, kila mtu akaiona nyumba yake akafurahi. Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, kuku walikuwa wamekula mtaa mzima na sasa wanaparua barabara kuu.

Ningekuwa na bahati ingeishia hapo. Lakini bwana mmoja aliapa kwamba kuku wa jirani yake walianzia kwenye nyumba yake yeye, na kwamba si bure, kwa sababu wale wawili walikuwa na ugomvi wa mpaka. Mwenye kuku akajitetea kwamba hajawatuma. Kikao cha mipango kikageuka kesi ya kuku, mashahidi wakasimama mmoja mmoja, jua likazama. Tangu siku hiyo nikawa natembea na mfuko wa vizibo vya soda. Vijana, hata mkiwa na mashine ya namna gani, mfuko wa vizibo vya soda usikose kwenye begi. Kuku havitaki, mbuzi havitaki, na mtoto akimeza kimoja utasikia kelele.

Bosi wangu wa wakati huo, Mzee Lukwele, Mungu amrehemu, alicheka ripoti yangu mpaka akavua miwani. Nilikuwa nimeandika kwamba ramani imeliwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi yenyewe, na hakunifundisha kwa karatasi. Alisema mkutano wa kwanza watu huja kuangalia viatu vyako, mkutano unaofuata huja kuangalia kama utarudi, na baada ya hapo ndipo wanapoanza kusema. Alisema pia kwamba mtu akikwambia "hakuna shida", andika pembeni kwamba shida ipo na umwendee nyumbani kwake. Nilipuuza hilo la pili, na ndilo lililonipeleka Stoo kwenye kitanda.

Stoo ni kitongoji kilichokua kuzunguka ghala la zamani la mkonge, lile la mawe lisilo na paa. Wenyeji wake ni watoto na wajukuu wa manamba, watu walioletwa kukata mkonge kutoka kila upande: Wangoni, Wahehe, Wabena, Wamakonde, na siku hizi upande wa bondeni wamekuja Wasukuma na ng'ombe wao. Mkonge ulipokufa, kila mmoja alijenga alipoweza, mlango ukatazama alikotaka yeye. Hakuna aliyefikiri kuacha njia. Katikati palibaki kichochoro kimoja kinachopinda kwenye ukuta wa ghala, kinapitisha baiskeli, na bodaboda kama dereva wake hajashiba.

Gari halikuingia Stoo hata siku moja. Mgonjwa alitolewa kwa toroli hadi barabara kuu. Mama mmoja alijifungulia kwenye toroli karibu na reli, mtoto wakamwita Safari, na huyo Safari leo ni dereva. Nilipokuja na mpango wa urasimishaji, kwamba kitongoji kipangwe, kipimwe, watu wapate hati, wao hawakuuliza kwanza habari za hati. Waliuliza kama gari la wagonjwa litafika. Nikasema litafika kama kila mmoja atatoa kipande cha ardhi yake ili kichochoro kiwe barabara. Na masharti yalikuwa magumu: kitongoji kisicho na njia ya gari ramani yake haipiti, na wapimaji wangerudi mara moja tu kuchukua mchoro wa mwisho.

Kabla ya kamba tulileta droni, maana na mimi niliishi hadi wakati wa droni. Mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Shabani, alitangaza kwamba serikali itapiga picha kutoka juu. Mnajua walichofanya? Walivaa. Akina mama walitoka na vitenge vipya, wazee wakatoka na makoti, watoto wakapakwa mafuta. Bwana Shabani alipanda juu ya paa lake na kanzu, akapunga mkono hadi droni ikaisha chaji. Picha ilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kitongoji, hakuna sura ya mtu iliyoonekana. Palionekana nukta nyeupe moja juu ya paa, na mbuzi wa Bwana Shabani wakiwa ndani ya mahindi ya watu, wazi kabisa, kwa ushahidi wa serikali. Kikao kilichofuata hakikugusa barabara. Kilikuwa cha mbuzi.

Basi nikarudi kwenye vumbi na vizibo vyangu. Tukachora Stoo yote mbele ya ghala, safari hii wakakaa chini wote, wanawake mbele. Hilo nalo lishikeni: wanaume wakikaa mbele utapata hotuba, wanawake wakikaa mbele utapata ramani. Swali likawa barabara iwe na upana gani. Wapimaji walikuwa na kipimo chao cha chini, lakini nilitaka waseme wenyewe. Mmoja akasema upana wa toroli mbili. Mwingine akasema upana wa mkokoteni wa ng'ombe. Ndipo akainuka Bibi Yustina.

Bibi Yustina alikuwa Mhehe, mjane, magoti yake yamegoma, anakaa mwisho kabisa wa kichochoro. Ulimi wake ulikuwa bado una miaka ishirini. Alisema barabara iwe pana kiasi kwamba gari likiwa linaingia na kitanda cha mgonjwa kinatoka, vipishane bila kusalimiana. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyepata kipimo kizuri zaidi. Tukaenda kwake, tukatoa kitanda chake cha kamba, tukakilaza kukingama pale nje, tukaweka nafasi ya gari kando, na kamba yangu nikaifunga fundo hapo. Fundo lile ndilo likawa sheria ya Stoo. Lilizidi kipimo cha wapimaji, wao wakasema sawa tu, kuzidi hakudhuru.

Siku hiyo wote walikubali. Mzee Mapunda naye alikubali. Nilimwona kwa macho yangu akipiga makofi, na nilipomuuliza mbele ya watu kama hana neno, akasema hakuna shida.

Sasa Mzee Mapunda alikuwa Mngoni, fundi wa baiskeli, mtu mpole, na nyumba yake iko kwenye ile kona ya ghala. Upande mmoja wa kichochoro ni ukuta wa mawe ambao hata treni haiung'oi, upande wa pili ni ua wake wa minyaa, mrefu, umeshonana. Barabara yote ya Stoo ilitegemea kona hiyo. Siku ya kuvuta kamba tulianza vizuri kutoka mwisho wa bondeni. Mmoja akasogeza banda la kuku, mwingine akakubali jiko lake livunjwe, Bwana Shabani akatoa nusu ya baraza lake kwa sababu ya aibu ya mbuzi. Tulipofika kwenye kona tukamkuta Mzee Mapunda ameketi kwenye kigoda, katikati kabisa ya mahali kamba inapotakiwa kupita, anaziba pancha.

Nikamwamkia. Akaitika. Nikamwomba asogee. Akasema hasogei, wala minyaa haisogei, na kama serikali ina haraka ipite juu kama ile droni.

Niliomba, Bwana Shabani akaomba, padri wa kigango akaomba. Hakuna kitu. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Lukwele na "hakuna shida" yake. Nikamwendea Mzee Mapunda nyumbani, peke yangu, nikakaa hadi chai ikaisha na maneno ya hali ya hewa yakaisha. Mwishowe akaniambia. Baba yake aliletwa kutoka Songea akiwa kijana. Alilala kwenye nyumba ya kampuni, akaikatia kampuni mkonge, panga lenyewe la kampuni. Mkonge ulipokufa akapewa ruhusa ya kukaa pale kwenye kona, na siku hiyo hiyo, kabla hajajenga hata kibanda, alichomeka minyaa kuzunguka.

"Baba yangu hakuwahi kuwa na kitu duniani kinachosema hapa ni kwake," alisema, "ila ua huu."

Nilitaka barabara, lakini nilimwonea huruma kweli, na sioni aibu kusema kwamba nilitoka pale macho yamelowa. Huku nje mambo yakaanza kuharibika. Aliyevunja jiko akauliza kwa nini avunje yeye na Mapunda abaki na ua. Banda la kuku likarudi mahali pake. Nikajua wapimaji wakija watakuta kichochoro kile kile na watafunga makaratasi yao waende zao, na Stoo itabaki na toroli lake.

Sasa kuna jambo chuoni hawafundishi, nalo ni utani. Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zao walipigana vita, wajukuu wakabaki na haki ya kutukanana. Mtani anaweza kuingia kwako akamkamata jogoo akaondoka naye, na ukikasirika ni wewe uliyekosa. Kwenye msiba ndiyo hasa zamu yake: analia kwa kejeli, anamwigiza marehemu, anazuia jeneza lisipite mpaka wafiwa wampe kitu. Bibi Yustina na Mzee Mapunda walikuwa wamefanya kazi hiyo kila siku kwa muda wa maisha yao. Bibi akipita na mkongojo wake, Mapunda anafungia mbwa wake ndani, maana Wahehe husingiziwa kula mbwa na Wangoni kula panya, na kumwambia asubiri kwanza, nyama bado haijanona. Bibi anamjibu kwamba afadhali yeye, maana panya wa Stoo nzima wamehama tangu Mngoni ahamie. Shikamoo Mapunda hakuwahi kumpa, ingawa bibi alimzidi umri. Alisema Mngoni hamwamkii mtu ambaye babu yake alikimbizwa na Wangoni.

Bibi Yustina aliposikia nimeshindwa, alinitumia mtu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: Mama Kamba aje kesho jioni, na ajifunge khanga ya msiba.

Nilifika roho iko juu nikidhani kuna mtu amefariki. Na kweli nikakuta kilio. Nje ya nyumba ya Bibi Yustina kimewekwa kile kitanda chake cha kamba, juu yake gunia la pumba limelazwa kwa urefu, limefunikwa shuka, limevalishwa kofia ya zamani ya baiskeli. Akina mama wamejifunga khanga, wengine wanalia, wengine wanacheka ndani ya khanga. Nikamuuliza Bwana Shabani ni nani aliyetutoka. Akaninong'oneza, uso umemsawijika, kwamba ni Mzee Mapunda, na kwamba Mzee Mapunda yuko nyumbani kwake anaziba pancha. Shabani aliogopa. Alisema kumlilia mtu mzima ni uchuro. Bibi Yustina akamwambia mtani hana uchuro, ashike mguu wa kitanda aache maneno.

Wanaume wakakiinua begani, msafara ukaingia kichochoroni. Bibi akatangulia na mkongojo akiomboleza kwa sauti ambayo sijui aliificha wapi siku zote. Alimlilia Mapunda kwa wema wake wote. Alilia kwamba huyu ndiye Mngoni pekee aliyejua kuziba pancha, kwamba amekufa kijana, kwamba amekufa kabla hajalipa jogoo wa watani. Kila nyumba tuliyopita watu walitoka na kujiunga. Wasukuma wa bondeni, ambao hawakuelewa vizuri, walikuja wakavua kofia na kuuliza maziko ni saa ngapi.

Tulipofika kwenye kona, kitanda kikagoma. Mguu mmoja umenasa kwenye minyaa, mwingine umekwaruza ukuta wa mawe. Wakarudi nyuma, wakaja tena. Wakakiinamisha ubavu ili kipite, na hapo gunia likateleza, likaanguka mtaroni, kofia ikabingirika mpaka kwenye mlango wa Mzee Mapunda. Akina mama wote wakapiga ukunga mara moja. "Mapunda ameanguka!"

Mzee akatoka mbio, mpira wa baiskeli bado mkononi. "Nani ameanguka?"

"Wewe," akasema Bibi Yustina.

Nikwambieni, sijawahi kuona mtu anauangalia mwili wake mwenyewe namna ile. Alitazama gunia mtaroni, akatazama kitanda, akatazama kofia yake aliyokuwa akiitafuta siku nyingi. Sote tukasubiri. Kwa sheria ya utani hawezi kukasirika, na alilijua hilo, midomo ikamchezacheza. Bibi hakumpa nafasi. Aliligeukia lile gunia, akalisihi kwa upole, akaliambia kwamba wamejaribu, lakini marehemu mwenyewe ndiye aliyekataa njia, sasa ama apitishwe juu ya paa la nyumba yake kama kuku wa wizi, ama akatwe katikati atoke kwa safari mbili.

Wabebaji wakamrudisha marehemu kitandani na kujaribu tena, wamemshika ovyo. Na hapo, wanangu, ndipo Mzee Mapunda aliposhindwa kuvumilia. Hakushindwa na utani, alishindwa na ufundi mbaya. Akaanza kuwaelekeza. Akawaambia washushe bega la kushoto. Akawaambia kichwa hakitangulii hivyo, wao ni watu gani. Mwishowe akatupa ule mpira, akaingia chini ya kitanda mwenyewe, akashika mguu wa nyuma, akasukuma. Alisukuma maiti yake kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka, na maiti haikupita.

Kicheko kikaisha polepole. Mke wake, Mama Oliva, alikuwa amesimama mlangoni muda wote, khanga mdomoni, amecheka mpaka machozi. Akaja akashika ukingo wa kitanda, akasema kwa sauti ya chini, lakini kichochoro kile kilikuwa chembamba, sote tulisikia.

"Baba Oliva, na mimi nitapita hapa hapa."

Mzee alitoka chini ya kitanda, akaingia ndani, tukasikia vitu vinapanguliwa. Wengine wakadhani amekasirika na Bwana Shabani akaanza kurudi nyuma. Akatoka na panga. Akawaambia akina mama wasogee mbali na watoto wafumbe macho, maana utomvu wa mnyaa ukimwingia mtu jichoni atalia msiba wa kweli. Na hilo nanyi lishikeni: mnyaa hukatwa kwa chini, ukiwa umeupa upepo mgongo, na ukimaliza hujigusi uso mpaka umenawa. Akakata wa kwanza yeye mwenyewe. Panga lilipopita kwenye shina, alifumba macho, na nadhani haikuwa kwa sababu ya utomvu.

Aliyekuja na dawa alikuwa yule yule Bibi. Alikaa juu ya kitanda, karibu na gunia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mngoni, wewe huujui mnyaa? Baba yako alichomeka fimbo tu." Mzee akasimama na panga lake akiwaza. Kisha akaokota tawi alilolikata, akapima kwa hatua kutoka kwenye fundo la kamba yangu, akalichomeka ardhini. Akaokota lingine. Hapo watu wote wakaingia kazini, mmoja anakata, mwingine anachomeka, na Wasukuma waliokuja kuzika wakachimba mashimo. Kabla giza halijaingia ua wa baba yake ulikuwa umesimama tena, nyuma kidogo tu, na mvua zilipokuja ulichipua wote.

Wapimaji waliporudi waliikuta barabara. Waliuliza pia kwa nini kuna gunia la pumba limezikwa nyuma ya ghala na msalaba juu yake, nikasema hayo hayahusiani na upimaji. Ramani ikapita. Watu walipoitwa kutoa jina la barabara, hakukuwa na mjadala.

Miaka ikapita, nikastaafu, nikarudi huku Chanzuru na michungwa yangu. Mwaka jana nikapigiwa simu kwamba Bibi Yustina amefariki. Magari mawili yaliingia Stoo hadi mlangoni kwake, moja la jeneza na moja la ndugu kutoka Iringa. Yeye ndiye aliyekuwa akisema kila siku kwamba hatatoka Stoo kwa toroli, na hakutoka kwa toroli. Nililia sana, kwa sababu alikuwa rafiki yangu, na kwa sababu sehemu kubwa ya sifa nilizopewa kazini ilikuwa yake.

Baada ya ibada, gari la jeneza likaondoka mbele na baadhi ya ndugu ndani yake, sisi tukalifuata kwa miguu. Tulipokaribia kona ya ghala, watu wa mbele wakaanza kunong'ona. Mzee Mapunda alikuwa katikati ya barabara. Siku ya kwanza ya msiba aliingia ndani kwa marehemu akachukua kile kitanda cha kamba bila kumuuliza mtu, kwa haki ya mtani, na sasa alikuwa amekilaza kukingama njia, mwenyewe amelala juu yake chali, mikono kifuani, ile kofia ya baiskeli usoni. Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Mama Oliva alisema hata chai hakunywa, alikuwa akikariri matusi.

"Mhehe hapiti!" akapaza sauti chini ya kofia. "Nimekufa mimi kwanza. Foleni iheshimiwe."

Sote tukasimama, tukisubiri gari lisimame na ndugu wa Iringa washuke wampe mzee kitu, kama desturi ilivyo. Lakini dereva alikuwa Safari, yule mtoto wa kwenye toroli, na yeye ni kijana wa siku hizi, desturi hizi anazisikia kwa mbali. Aliona kitanda barabarani. Akapunguza mwendo, akakata usukani kidogo, akapita pembeni. Palikuwa na nafasi. Gari na kitanda vikapishana bila kusalimiana, kama alivyotaka Bibi mwenyewe, na hata jani la mnyaa halikuguswa.

Mzee Mapunda alisikia muungurumo ukimpita sikioni. Akaondoa kofia, akainua kichwa, akaliona gari limekwishampita na linakwenda zake. Alikaa pale juu ya kitanda akilitazama, mdomo wazi, matusi yote bado yamo tumboni. Kisha akaanza kucheka. Alicheka, akacheka, mpaka kile kicheko kikageuka, na Mama Oliva akaenda akakaa pembeni yake.

"Shikamoo, Bibi," akasema mzee, kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Tukamshika mikono akainuka. Hakutaka kusaidiwa kitanda. Alikibeba mwenyewe kichwani, akalifuata gari taratibu, katikati kabisa ya barabara.